Koti Lilelile

Kwa miaka sita nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Mwaka wa saba nikawa mwalimu wa kemia, shule ileile, maabara ileile, sinki zilezile zinazovuja. Hata koti lilikuwa lilelile: jeupe, kifungo cha pili kimeng'oka, na kwenye mfuko wa kushoto lina doa jeusi la nitrati ya fedha lililoshinda kila sabuni. Muhula ulipofungwa nililitundika msumarini nikiwa "yule kijana wa maabara". Muhula ulipofunguliwa nililivaa nikiwa Mwalimu.

Asubuhi ya kwanza nilikutana koridoni na mwalimu mmoja wa hisabati. Kwa miaka yote sita mtu huyu alikuwa akipita mbele ya mlango wangu mara nne au tano kwa siku. Alinisimamisha, akanipa mkono, akanikaribisha kwa uchangamfu wa kweli. Kisha akaniuliza: "Kabla ya kuja hapa ulikuwa unafundisha wapi?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kama kichekesho, na watu hucheka sana. Lakini huyu bwana hakuwa mtu wa majivuno. Hakuwahi kunifokea wala kunitolea neno chafu, na wanafunzi walimpenda. Ukimwambia kwamba anawadharau wafanyakazi wa shule angeumia, tena angekuwa na haki ya kuumia, maana kumdharau mtu kunahitaji kwanza umwone.

Tuanze na jina tunalopewa: wafanyakazi wasio walimu. Tumeitwa kwa kitu ambacho sisi sicho. Sijawahi kusikia mwalimu akiitwa mfanyakazi asiye mpishi. Karani, mhasibu, mtunza maktaba, mlinzi, dereva, matroni, mfagizi, fundi wa umeme, mtu wa jikoni, watu ambao kazi zao hazifanani hata kidogo, wamefungwa kwenye furushi moja, na kamba ya furushi ni kwamba hawashiki chaki. Tangazo likibandikwa ubaoni linasema "walimu na wafanyakazi wote", utadhani walimu wamekuja kutembea.

Halafu kuna namna ya kuita. "Mwalimu" hutangulia jina la mtu kama kofia, na hata akiwa sokoni mtu huyo hubaki Mwalimu. Wengine wetu tuliitwa kwa jina tupu, au kwa kifaa tunachoshika. Kulikuwa na "wa geti", kulikuwa na "wa mafagio". Mimi nilikuwa "Maabara". "Maabara, njoo mara moja." Nilizoea kiasi kwamba siku moja mtu alisema "maabara iko wapi?" nami nikaitika. Mama mmoja wa usafi, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliitwa kwa jina lake la utotoni na mwalimu aliyekuwa na miezi miwili kazini. Baada ya wiki moja, watoto wa kidato cha kwanza nao walikuwa wanamwita hivyohivyo. Hakuna aliyewafundisha. Walisikia tu.

Mambo mengine ni madogo na nitayapitia haraka. Rafu ya vikombe ilikuwa na upande wa walimu na upande wetu, na upande wetu ndio uliokuwa na vikombe vyenye masikio yaliyovunjika. Kundi la simu la "familia ya shule" halikuwa na mfagizi hata mmoja. Mkuu mmoja alipostaafu, orodha ya michango ya kumuaga ilitufikia sote bila kukosea hata jina. Mwaliko wa hafla haukutufikia, isipokuwa wale walioitwa kupanga viti.

Ila jambo moja sitalipita haraka, nalo ni kuzungumza mbele ya mtu kana kwamba hayupo. Erving Goffman, mwanasosholojia wa karne iliyopita, aliandika katika miaka ya 1950 kuhusu mtu ambaye yumo chumbani lakini wenzake wanamchukulia kama hayumo, na mfano wake mkuu ulikuwa mtumishi. Mimi sikumhitaji Goffman kulijua hilo. Nilikuwa nafunga bomba la sinki, nusu ya mwili wangu iko chini ya meza, huku walimu wawili wakijadili juu ya kichwa changu ni nani hataongezewa mkataba muhula ujao. Aliyetajwa alikuwa rafiki yangu. Nilitoka chini ya meza na spana mkononi, wakaendelea na mazungumzo. Hawakushusha hata sauti.

Ndiyo maana, kama unataka kujua hali halisi ya shule yoyote, usimuulize mkuu wa shule. Muulize anayefagia ofisi yake.

Na hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu watu hawa wanaona mambo. Mlinzi anajua nani anafika kabla jua halijachomoza kwa sababu nyumbani hakukaliki. Watu wa jikoni wanajua sahani za nani zinarudi zimejaa. Dereva wa basi anasikia yale ambayo watoto hawasemi wakiwa ndani ya geti. Yule mama wa usafi aliwahi kuniambia kwamba kuna msichana anajifungia chooni kila mapumziko, tangu kengele ya kutoka hadi kengele ya kurudi, siku ya sita sasa. Alikuwa amemwambia mwalimu mmoja, naye akajibu "ahsante" bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. Akaja kwangu. Mimi nami nikamwambia mwalimu wa zamu, akasema atafuatilia.

Wiki tatu baadaye ikagundulika kwamba msichana yule alikuwa akiteswa na wenzake darasani. Kikao cha dharura kikaitwa. Niliambiwa na mwalimu aliyehudhuria kwamba nusu ya kikao iliishia kwenye swali moja: imekuwaje hakuna mtu aliyeona? Wakati huo mama yule alikuwa anapiga deki ngazi za ghorofa ileile.

Nisije nikaonekana natetea upande wangu tu. Mwalimu naye ni mtu aliyelemewa. Ana madarasa yaliyofurika, ana mzazi anayempigia simu usiku, ana mkaguzi anayetaka maandalio yote ya muhula kesho asubuhi, na mara nyingi mshahara wake unamtia aibu mbele ya wanafunzi aliowafundisha mwenyewe. Heshima ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo, na mali ikiwa moja mtu huilinda kwa wivu. Nimeona mwalimu akikaripiwa na mkuu mbele ya watu saa mbili, na saa tatu akamkaripia karani kwa ajili ya karatasi iliyokwama kwenye mashine. Karani naye alipotoka alimgeukia mfagizi. Sisi wenyewe tulikuwa na ngazi zetu: wa ofisini walijiona juu ya wa nje, wa ajira ya kudumu walijiona juu ya vibarua. Na mtunza stoo mmoja niliyemfahamu alikuwa mfalme kamili. Alikuwa na funguo. Ukimkosea wewe mwalimu, chaki zilikuwa zimekwisha, kalamu za ubao zilikuwa zimekwisha, na karatasi zingekuja wiki ijayo, inshallah. Nilimpenda sana mtu yule, ingawa najua alikuwa na makosa.

Kikao kilikuwa kitu kingine. Siku moja katika mwaka tuliruhusiwa kuingia kwenye kikao kikuu, tukakaa viti vya nyuma. Nilinyoosha mkono nikapendekeza kwamba kemikali ziagizwe mwanzoni mwa muhula, si wiki ya mtihani, na kwamba kila mwalimu wa sayansi aandike mahitaji yake angalau siku tatu kabla ya jaribio. Nilieleza kwa nini. Wanafunzi themanini, kila mmoja akihitaji sentimita za ujazo 100 za asidi na kiasi hichohicho cha besi, yaani kemikali inayoizimua asidi, ni lita 8 na lita 8. Maji ya kuchemsha na kupoza, kupima, kujaribu, kuosha bureti na pipeti themanini, ile mirija ya kupimia vimiminika, yote hayo usiku mmoja, kwa sababu mwalimu ameandika oda yake nyuma ya tiketi ya basi saa kumi na moja jioni. Mkuu akasema: "Vizuri, tumekusikia." Katibu wa kikao hakuinua kalamu. Nilikuwa namwangalia.

Miaka miwili baadaye, nikiwa mwalimu, nililirudia pendekezo hilo neno kwa neno. Sikuongeza chochote, hata mfano wa tiketi niliuacha ulivyo. Katibu alikuwa yuleyule. Aliandika, akaniomba nirudie kipengele cha pili ili asikikosee. Mkuu akasema ni wazo la kitaalamu na akashangaa kwa nini halikuletwa mapema. Niliangaza chumba kizima nikitafuta mtu wa kucheka naye. Tarishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na bahasha, ndiye peke yake aliyenikonyeza.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa wa hadithi yangu mwenyewe. Kwa bahati mbaya kuna yaliyofuata.

Shule iliajiri kijana mwingine kushika nafasi yangu ya zamani. Nilimpokea vizuri, nikamwonyesha kabati lipi linakwama na bomba lipi lisifunguliwe hadi mwisho. Nilijiapiza kwamba sitamfanyia yale niliyofanyiwa. Nadhani niliishika ahadi hiyo wiki nne. Kisha vipindi vikaongezeka, nikapewa darasa la kusimamia, nikaanza kuondoka maabara huku bika zimejaa kwenye sinki, maana kengele imelia na nina darasa upande wa pili. Jioni moja mwalimu mwenzangu aliniuliza nani ataondoa vyombo vile. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Atasafisha yule kijana."

Nilikuwa najua jina lake. Nilikuwa namjua hadi mahali anapoishi. Lakini neno lililotoka ni "yule kijana".

Hilo nililimeza nikaendelea. Lililonikamata lilikuja mwezi uliofuata. Nilikuwa na jaribio la titresheni, yaani kupima nguvu ya besi kwa kuidondoshea asidi hadi ikome, na wanafunzi arobaini. Niliandika oda kwa haraka, asubuhi ya siku yenyewe (ndiyo, mimi mwenye pendekezo la siku tatu): hidroksidi ya sodiamu, ile besi ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, gramu 40 kwa kila lita ya maji, lita 4. Nikaingia darasa jingine kufundisha. Katikati ya kipindi nikamwona amesimama mlangoni, karatasi yangu mkononi. Hakuingia. Fundi haingii darasani mwalimu akifundisha, hilo nililijua kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa anasubiri nimtazame. Nilimtazama, nikampungia mkono: baadaye. Akasimama kidogo. Nikampungia tena. Akaondoka.

Saa tano wanafunzi wakaanza kazi. Sentimita za ujazo 25 za besi kwenye chupa, matone mawili ya kiashiria, dawa inayobadili rangi, yote inakuwa ya waridi, halafu asidi inashuka taratibu kutoka kwenye bureti mpaka rangi ipotee. Kwa kawaida hupotea bureti ikiwa imefika nusu hivi. Siku hiyo ilifika nusu, ikapita nusu, ikafika chini kabisa, na chupa zote arobaini zilikuwa za waridi kama maua ya harusi. Mtoto mmoja akajaza bureti mara ya pili. Mwingine akaniuliza kama asidi imeharibika.

Asidi haikuwa na kosa. Moli moja, kipimo ambacho wanakemia huhesabia kiasi cha kemikali, ya hidroksidi ya sodiamu ni gramu 40. Nilikuwa nataka myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, yaani gramu 4. Nilikuwa nimeandika mara kumi zaidi. Kuimaliza besi ile kungehitaji bureti tano kamili za asidi kwa kila mwanafunzi. Kipindi cha saa mbili kiliteketea, na gramu 160 za kemikali ambazo zingetutosha jaribio kama hilo mara kumi zilikwisha siku moja.

Wanafunzi walipotoka, alikuwa anakusanya chupa. Nikamuuliza, na naona aibu kukumbuka kwamba niliuliza kwa ukali, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuja, Mwalimu."

Hakuongeza neno, na sauti yake haikuwa na lawama. Akaendelea kumwaga maji ya waridi kwenye sinki na kufungulia bomba. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimevaa koti lile lenye doa, namtazama.

Nimefikiri sana kuhusu mkono ule niliompungia. Haukuwa wa chuki. Ulikuwa mkono wa mtu mwenye shughuli muhimu anayemwambia mtu asiye na shughuli muhimu asubiri, na nilikuwa nimejifunza kuupunga kwa muda usiozidi muhula mmoja. Angekuwa mwalimu mwenzangu pale mlangoni ningekwenda. Hata angekuwa mzazi ningekwenda. Nilijua hivyo wakati uleule.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kidogo kuhusu mambo haya, kwa sababu nilitaka kujua kama ni ugonjwa wetu au wa dunia. Walimu wana Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi yao, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, na tangu 1994 tarehe hiyo ni Siku ya Walimu Duniani. Wanastahili. Wengine waliobaki ndani ya geti walisubiri hadi 2018, pale Education International, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa elimu, lilipoanza kuadhimisha siku yao tarehe 16 Mei. Jaribu kuuliza kwenye chumba cha walimu tarehe 16 Mei ni siku ya nini. Niliuliza mwaka jana. Mmoja alikisia ni siku ya nyuki.

Kilichonivutia zaidi ni Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini. Haumbagui mtu kwa aina ya mkataba wake wa ajira. Hata anayejifunza kazi na anayejitolea wamo. Na unapotaja mahali ambapo mtu anapaswa kulindwa, hauishii mezani pake pa kazi. Unataja anapolipwa, anapopumzika au kula, vyoo anavyotumia, mahali anaponawa na kubadilishia nguo. Mtu aliyeandika kifungu kile aliwahi kufanya kazi chini ya walimu, nilijisemea. Kwetu kulikuwa na choo chenye kufuli kilichoandikwa "Walimu", na aliyekuwa akikisafisha alikuwa akitembea hadi vyoo vya wanafunzi kujisaidia. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Siku hizi mambo yamechukua sura nyingine, maana shule nyingi hazimwajiri mfagizi wala mlinzi moja kwa moja. Kampuni inapewa zabuni, kampuni inaleta watu wenye fulana zenye nembo yake, na muhula ukibadilika zinaweza kubadilika nyuso zote. Ukilalamika kwamba mama wa usafi ametukanwa unaambiwa si mtumishi wetu, zungumza na kampuni yake. Wapo ambao shule zikifungwa nao wamefungwa, bila malipo hadi kengele ya ufunguzi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na baadaye kufunguliwa, ghafla kila mtu aliwajua watu wa usafi. Vitasa vya milango vilipanguswa kila saa na hotuba zikatolewa. Nadhani hotuba zile zilidumu muhula mmoja na nusu.

Kuhusu yule kijana, nilimwomba radhi siku iliyofuata. Alisema hakuna neno, kwa ile namna ambayo nami nilikuwa nasema hakuna neno, kwa hiyo sikumwamini. Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu nikaliweka kwenye meza ya maabara. Upande wa kushoto naandika mahitaji, upande wa kulia anaandika yeye: kimepatikana nini, kimepungua nini, na kama hesabu yangu ina kasoro. Miezi miwili ya kwanza upande wa kulia ulikuwa na neno moja tu kila ukurasa: "Sawa." Nikaanza kuweka makosa kwa makusudi, madogo, nione kama atayagusa. (Sijui kama ningependa mtu anifanyie hivyo.) La tatu aliligusa, kwa penseli, herufi ndogo: "Mwalimu, angalia tena mstari wa 2."

Sasa anaandika kwa kalamu. Hivi karibuni tumegombana kuhusu muda wa kuandaa myeyusho wa besi. Mimi nasema siku moja kabla, kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Yeye anasema asubuhi hiyohiyo, kwa sababu ukikaa unavuta kaboni dioksidi ya hewani na nguvu yake inabadilika. Tena ameongeza kwamba nimezoea chupa za vioo zenye vizibo vya kioo, ambavyo besi huvigandisha visifunguke, na kwamba huo ni ukaidi wa kizamani. Neno "ukaidi" kalipigia mstari. Nimemjibu kurasa mbili nzima, na jana nimekuta ameanza ya tatu.